Camel baada ya Bardens: bendi ile ile, au jina tu?

Mpapasa Kinanda: Wakuu, Camel, bendi ya roki, ilianza Uingereza 1971 na watu wanne: Andrew Latimer gitaa na filimbi, Peter Bardens kinanda, Doug Ferguson besi, Andy Ward dramu. Albamu za Mirage (1974), The Snow Goose (1975) na Moonmadness (1976) ni jasho la hao wanne. Ferguson akatoka 1977, Bardens 1978, Ward 1981. Akabaki Latimer na wapigaji wa kukodi. Kwangu mimi, kilichobaki hapo ni jina tu. Na tusidanganyane, hata hizo za mwanzo nyingine ni muziki wa kulalia.

Dada Filimbi: Wa kulalia? Kaka, hapo umenigusa pabaya. Nilipokuwa namuuguza mama, The Snow Goose ilikuwa masikioni mwangu kila usiku. Sikuilalia hata siku moja. Ilikesha nami.

Kisiki: Pole sana dada. Lakini kaka ana hoja. Vipande 16 na hakuna ubeti hata mmoja! Utanisimuliaje hadithi ya kitabu bila maneno?

Dada Filimbi: Kwani Rhayader, yule wa kitabuni, akiingia na filimbi yake humwoni? Mtu mpweke huko mabwawani, msichana anamletea ndege aliyejeruhiwa. Halafu sikiliza kile kipande cha Dunkirk, ngoma zinavyojikusanya. Unataka nani akwambie kwamba ni vita?

Kisiki: Nakiri Dunkirk ni nzito, ila pale wamebebwa na okestra ya London Symphony. Bendi peke yake isingefika.

Mzee wa Santuri: Kijana, umechanganya. London Symphony walipiga nao jukwaani, Royal Albert Hall, Oktoba 1975. Kwenye santuri, aliyepanga sauti za okestra ni David Bedford. Na ndiyo maana jalada linasema ni muziki *uliochochewa* na The Snow Goose: Paul Gallico, mwenye kitabu, alikuwa hai na hakuridhia.

Mpapasa Kinanda: Jamani, mimi niliuliza kuhusu miaka ya baada ya Bardens.

Gitaa la Usiku: Nakujibu, maana hilo neno "kukodi" limenichoma. Albamu ya Nude ya 1981 inamhusu askari wa Kijapani aliyeachwa kisiwani asijue vita vimekwisha, kisa cha Hiroo Onoda, aliyejisalimisha Ufilipino 1974. Bardens hayumo, na gitaa la mle linalia kuliko popote. Hata The Single Factor ya 1982, ambayo kampuni ya santuri ilikuwa inawabana itoke na wimbo wa kuuza, Bardens mwenyewe alikuja kupiga kinanda kwenye kipande cha Sasquatch. Angekuwa anaona bendi yake imekufa, angekuja?

Mpapasa Kinanda: Alikuja kama mgeni, mkuu. Mwenye nyumba habishi hodi.

Gitaa la Usiku: Aliondoka mwenyewe! Latimer ndiye aliyebaki na mzigo. Alihamia California, akaanzisha lebo yake ya muziki, akatoa albamu ya Dust and Dreams 1991 kwa nguvu zake. Jina tupu halimfikishi mtu huko.

Dada Filimbi: Na 2007 akawekewa uboho mpya. Alipopona, 2013, akarudi jukwaani kuipiga The Snow Goose yote, mwanzo mwisho, baada ya kuirekodi upya. Bardens alikwishafariki tangu 2002. Mimi nilisikia Camel pale. Mama alikuwa ameshatangulia, na ile filimbi ilinirudisha kitandani kwake kabisa.

Mpapasa Kinanda: Dada, neno la kulalia nalifuta. Nisamehe. Hilo lingine la jina bado tutabishana.

Kisiki: Sawa, mimi leo usiku nitajaribu. Nianze na Dunkirk moja kwa moja?

Mzee wa Santuri: Usiruke, kijana. Dunkirk iko upande wa pili. Anza na wale ndege wa mwanzoni, ukae kimya.