Wali mweupe: tunakula lishe au tunajaza tumbo?

Mleta mada
Wakuu, naomba hili tulijadili kwa takwimu. Mtu akipimwa sukari ikaonekana imepanda, ushauri wa kwanza kutoka kwa jirani, shemeji, hata baadhi ya wahudumu wa afya, ni "acha wali, kula ugali". Mimi nadai kwamba kama ugali wenyewe ni wa sembe, ushauri huo haumsaidii kitu. Wali unasingiziwa.

Gramu 100 za wali mweupe uliopikwa kwa maji matupu zina kalori 130 hivi, wanga gramu 28, protini gramu 2.7 na nyuzinyuzi gramu 0.4. Mafuta hayafiki hata nusu gramu. Karibu theluthi mbili ya uzito huo ni maji. Sasa chukua sahani ya kawaida ya gramu 300: kalori 390, protini gramu 8, nyuzinyuzi gramu 1.2. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, kwa hiyo wali hapo hauna mchango wa maana.

Lakini sembe nayo ni mahindi yaliyovuliwa ganda na kutolewa kiini, kisha yakasagwa. Anayehamia kwenye dona namwelewa. Anayehama wali kwenda sembe amehama chumba tu, nyumba ni ile ile. Karibuni mnipinge.

Kijana wa Tandika
Mkuu, siku sita tunakula sembe bila kelele. Ubwabwa wa Jumapili nao unatuletea hesabu?

Dada Lishe
Mleta mada, nakubaliana nawe nusu. Kanuni za Tanzania za 2011 za kuongeza virutubishi kwenye chakula zilitaja unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula. Mchele haukutajwa. Kwa hiyo sembe ya kiwandani inatakiwa iwe na madini chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12 za kuongezwa. Ukiilinganisha na mchele wa kawaida wa gunia, sembe hiyo inaushinda kwa madini, ingawa kwa sukari zote zile zile. Sembe ya kinu cha mtaani ni habari nyingine.

Halafu umetaja kalori, hukutaja kasi ya chakula kupandisha sukari kwenye damu. Kwenye kipimo ambacho glukosi imepewa 100, wali mweupe wa kuchemsha una wastani wa 73 na wali wa kahawia, yaani usiotolewa pumba, 68. Mnaona pengo lilivyo dogo? Wanaouza mchele wa kahawia kwa bei ya dawa hili hawalisemi. Basmati mara nyingi huwa chini zaidi kwa sababu wanga wake una amilosi nyingi, aina ya wanga inayomeng'enywa polepole. Ila kipimo chenyewe kwa kawaida hufanywa kwa chakula chenye gramu 50 za wanga. Sahani yako ya gramu 300 ina gramu 84, na zile ninazoziona vibandani ni kubwa kuliko hiyo: mlima wa wali, maharage kijiko kimoja, mchicha wa kupamba. Mgonjwa wa sukari simwambii aache wali. Namwambia aupunguze mpaka nusu, maharage na mboga vichukue nafasi iliyobaki.

Mama Ntilie Buguruni
Msitusingizie jamani. Mteja akikaa tu anasema "mama, niongeze wali". Tangu nianze biashara hii hakuna aliyeniambia nimuongeze mchicha. Nikimpa wali kidogo na maharage mengi, kesho yuko kwa jirani.

Mkulima wa Mbarali
Wenye makosa ni wanunuzi. Mpunga ukitolewa ganda la nje tu, punje inabaki na rangi, na virutubishi vingi viko hapo. Mteja akiona ile rangi anasema mchele mchafu, bei inashuka. Basi tunaurudisha mashineni mpaka ung'ae. Pumba tunawauzia wafugaji wa kuku na nguruwe.

Na msidhani ni urembo peke yake. Pumba ina mafuta, na yale mafuta yanachacha. Mchele wa kahawia ukikaa ghalani miezi kadhaa kwenye joto letu unaanza kunuka. Mweupe unakaa hata mwaka, mradi ni mkavu na wadudu hawajauingia. Mimi nauza bei ikipanda, siuzi siku ya kuvuna. Nani atanifidia gunia likichacha?

Mleta mada
Mzee wa Mbarali, umenikumbusha kisa cha kuku wa Java. Miaka ya 1890 daktari Mholanzi Christiaan Eijkman alikuwa anatafuta chanzo cha beriberi, ugonjwa uliolegeza miguu na kuua watu wengi huko. Kuku wake walikuwa wakilishwa wali mweupe uliobaki hospitali ya jeshi, wakaanza kuyumba. Akaja mpishi mpya aliyekataa wali wa jeshi kupewa kuku wa raia. Wakarudishiwa mchele usiong'arishwa, wakapona. Eijkman mwenyewe alidhani kwenye wali kuna sumu. Mwenzake Gerrit Grijns ndiye aliyesema mwaka 1901 kwamba kuna kitu kimepungua, na baadaye kikajulikana kuwa ni vitamini B1. Eijkman akapata nusu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1929.

Yaani kule kuku ndio waliotufundisha thamani ya pumba, na huku kwetu pumba bado tunawapa kuku.

Mpemba Asilia
Sisi wali ni chakula cha kila siku, na mabibi zetu waliula mpaka wakazeeka. Sukari walikuwa hawaijui. Leo mnataka kutwambia nini?

Dada Lishe
Kaka, mabibi zako walitwanga kwa kinu na mchi, na mpunga wa kutwangwa haung'ai kama wa mashine, pumba nyingi inabaki. Waliula na samaki, kisha wakashinda shambani. Wewe unaula wa mashine, halafu unapanda bodaboda.

Mpekuzi
Naongeza moja kwa wanaosoma majedwali kwenye simu. Programu nyingi zinachukua takwimu za Marekani, na huko mchele mweupe mwingi umeongezewa virutubishi. Utaona wali una chuma miligramu 1.2 na B1 miligramu 0.16 kwa gramu 100. Usioongezewa kitu, kama huu wetu wa gunia, una chuma miligramu 0.2 na B1 miligramu 0.02. Mjamzito akitegemea jedwali lile amejidanganya.

Kijana wa Tandika
Hivi si ndio ule mchele wa Dodoma uliozua zogo?

Mpekuzi
Wa aina hiyo. Machi 2024 kulikuwa na msaada wa chakula kutoka Marekani kwa shule za Dodoma, ukiwemo mchele ulioongezewa virutubishi. Waziri wa Kilimo wa wakati ule, Hussein Bashe, akasema fedha zile zingenunua mchele wa wakulima wetu na virutubishi viongezwe hapa hapa. Mimi nilimuunga mkono. Teknolojia yenyewe haitishi: unga wa mchele unachanganywa na chuma, asidi ya foliki na B12, unakandamizwa ukawa punje, kisha punje moja inachanganywa kwenye mia za kawaida. Wale waliosema ni mchele wa plastiki walikuwa wanapotosha tu.

Dada Lishe
Punje za namna hiyo hazipotezi sana zikioshwa. Mchele uliopakwa virutubishi juujuu ndio ukiosha umemwaga. Na sisi kwa kuosha mpaka maji yatoke safi kabisa, hatujambo.

Ila bado natetea njia rahisi zaidi. Protini ya wali ina upungufu wa laisini, kijenzi kimojawapo cha protini, na maharage yanayo kwa wingi. Wali maharage wa kweli, nusu kwa nusu, ni mlo mzuri kwa mtoto wa shule hata kabla hatujafika kwenye punje za kiwandani.

Mama Ntilie Buguruni
Na kiporo? Wengine wanasema kinapunguza sukari.

Dada Lishe
Wali ukipoa, sehemu ya wanga wake inageuka kuwa ngumu kumeng'enywa, kwa hiyo wanasema kweli kidogo. Lakini wali uliolala nje kwenye sufuria ni hatari zaidi ya hiyo sukari. Kuna bakteria, Bacillus cereus, anayetoa sumu isiyokufa hata ukipasha moto. Kama huna friji, pika unaotosha.

Mkulima wa Mbarali
Haya, nimesoma yote. Mnasema virutubishi viongezwe hapa hapa, sawa. Hiyo mashine ya kuchanganya itafungwa kwenye kinu cha kijijini kwetu, au itabidi tena niuze mpunga kwa bei ya hasara kwa mwenye kiwanda mjini?