MJADALA: Vocha za petroli na fomu za likizo serikalini zitunzwe miaka mingapi? Mi nasema nyingi zichomwe

Karani wa Zamani:
Wakuu habari zenu. Hoja yangu fupi ila najua itachoma watu. Nimekaa masijala miaka mingi kabla sijaacha kazi nikaenda kulima, na kitu kinachoniudhi mpaka leo ni zile stoo. Karibu kila halmashauri na kila idara ina chumba kimoja ambacho ufunguo wake haijulikani uko kwa nani, ukifanikiwa kufungua unakuta faili zimepanda mpaka darini, nyingine ziko kwenye viroba, na ndani yake kuna nini? Vocha za petroli za gari ambalo lilishauzwa kwa mnada. Fomu za kuomba likizo. Daftari la mahudhurio. Dispachi, yale madaftari ya kusainia barua zikipokelewa. Dokezo la kuomba feni ya ofisi ya mhasibu. Barua ya kualika watu kwenye semina, halafu barua ya kuahirisha hiyohiyo semina.

Sheria tunayo, Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka Namba 3 ya 2002, na wenye taaluma wanagawa vizuri tu: kumbukumbu hai ni zile unazozishika kila siku, kumbukumbu tuli ni zile zinazoulizwa mara mojamoja, na nyaraka ni zile chache zenye thamani ya kudumu, zinaenda Nyaraka za Taifa. Zinazobaki zinateketezwa kwa kibali cha Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Sasa njoo ofisini. Hakuna anayetaka kusaini orodha ya kuteketeza, maana anawaza siku mkaguzi atakapoiulizia hiyo karatasi yeye ndo atajibu, na sijawahi kusikia bosi kaondolewa kwa kosa la kutunza karatasi. Kwahiyo vyote vinabaki, na ile faili moja inayotafutwa kweli haionekani kwa sababu imelaliwa na dispachi za tangu enzi za mzee Mwinyi.

Msimamo wangu: likizo, mahudhurio, mialiko na dispachi miaka 3 basi. Mambo ya malipo miaka 7, hapo CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ashapita na muda wa kushtakiana kwa mkataba, ambao ni miaka 6, umeisha. Ardhi, majengo na majalada binafsi ya watumishi hayo siyagusi. Mengine choma. Karibuni mnipige mawe.

Wakili Uchwara:
Jiwe la kwanza hili hapa. Miaka 6 ya mkataba uko sawa, na ardhi ni miaka 12, ila mkuu unahesabu kuanzia wapi? Muda wa kushtaki hauanzi siku karatasi ilipoandikwa, unaanza siku haki ya kudai ilipozaliwa. Chukua mtu aliyepewa kiwanja 1998, akalipia, akapata ofa yake, yaani barua ya kupewa kiwanja, akaenda zake kutafuta maisha. Mwaka 2019 anarudi anakuta mtu kamwaga msingi. Mgogoro ndo unaanza hapo. Ofa yake ya karatasi ishaliwa na mende, anakimbilia ofisi ya ardhi, na kitu kinachoweza kumbeba ni nakala ya stakabadhi ya malipo ya 1998. Kwako wewe hiyo stakabadhi haipo kwenye "ardhi", ipo kwenye "malipo". Miaka 7. 2005 ushaichoma na kibali unacho mkononi.

Yaani umepanga kwa aina ya karatasi wakati mahakama haiulizi aina, inauliza inathibitisha nini.

Bi Mkubwa wa Moro:
Mimi sijui sheria ila hiyo fomu ya likizo unayoiita takataka nataka nikwambie kitu. Dada yangu mkubwa aliajiriwa ualimu 1980 akastaafu 2019. Wakati wa kuandaa mafao akaambiwa jalada lake linaonyesha ameanza kazi 1986, barua ya ajira ya kwanza haimo, barua ya kuthibitishwa kazini haimo. Mnajua kilichotokea? Wilaya iligawanywa, yeye akaangukia wilaya mpya, jalada likaja nusu. Na kwa sisi tulioanza zamani kabla ya PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, hakukuwa na michango ya kila mwezi ambayo utasema nenda kaiangalie kwenye mfuko, mfuko wenyewe umekuja 1999, huko nyuma kinachokubeba ni tarehe ya ajira tu. Miaka sita ya chaki ikapotea hivihivi.

Tulizunguka sana. Mwisho kilichopatikana kilikuwa kwenye kabati la mwalimu mkuu kwenye shule aliyofundisha mwanzo kabisa, fomu ya likizo ya 1983, imeshakuwa ya njano, imetobolewa na mdudu pembeni, lakini ile sehemu ya "tarehe ya kuajiriwa" imejazwa kwa mkono na chini kuna sahihi ya afisa elimu na muhuri wa wilaya ya zamani. Ndo iliyomwokoa. Mwalimu mkuu mwenyewe hakujua kama anayo. Angekuwa anafuata miaka yako 3 dada yangu leo angekuwa anapokea pensheni ya mtu mwingine.

Karani wa Zamani:
Shikamoo mama. Pole sana kwa dada. Ila naomba nibishe kidogo kwa heshima, nakala ya ile fomu ilitakiwa iwe kwenye jalada binafsi la mtumishi, na majalada binafsi nimesema siyagusi. Kilichomuumiza ni jalada kuhama nusu na si kwamba kuna mtu alichoma kitu. Tukiwa na stoo zilizopungua hata kuhamisha inakuwa rahisi.

Bi Mkubwa wa Moro:
Marahaba mwanangu. Unasema ilitakiwa. Haikuwemo. Na wewe umekaa masijala unajua ni majalada mangapi "ilitakiwa".

Karani wa Zamani:
Hapo mama umenikamata pazuri.

Mbeba Boksi:
Niko Uingereza, wacha niongeze chumvi. Huku mnakokuita kwenye mifumo walishafanya hii ya Karani na ikawatokea puani. Kulikuwa na kadi za watu walioshuka melini miaka ile ya hamsini na sitini kutoka visiwa vya Karibiani, kizazi cha Windrush. Makadi ya kawaida kabisa, jina, meli, tarehe. Mwaka 2010 wizara yao ya mambo ya ndani ikayateketeza, ofisi inahama, makadi yanajaza nafasi. Miaka michache mbele sheria za uhamiaji zikakazwa, wazee walioishi pale tangu utotoni wakaambiwa thibitisha uliingia lini. Wengine wakakosa kazi, wengine matibabu, na wapo waliorudishwa makwao kimakosa. 2018 ikalipuka, waziri akajiuzulu. Na ushahidi uliokuwa rahisi kuliko wote walishaugeuza majivu.

Aliyesaini hakuwa na nia mbaya. Kwake yeye zilikuwa karatasi za kawaida, na hilo ndo linaniogopesha kwenye mada hii.

Ngosha Mtata:
Mnaogopa moto, mi naogopa karanga. Juzijuzi stendi nimenunua karanga za kukaanga, nilipozimaliza nikakunjua kale kakoni ka karatasi zilimofungwa, kumbe ni karatasi ya orodha ya malipo ya ofisi fulani ya umma. Majina matatu ya mtu, cheo, akaunti ya benki, kiasi. Chumvi imeingia kwenye sahihi ya mhasibu. Sasa niambieni hapo nani alitoa kibali cha kuteketeza?

Hii "tunza kila kitu" yenu ndo matokeo yake. Ukitunza vingi kuliko unavyoweza kulinda, kuna mlinzi au mfagizi atauza kwa kilo. Na siku hizi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kazi Mei 2023, inataka taarifa za mtu zisikae kupita muda unaohitajika kwa kazi iliyozikusanya. Kwahiyo Karani yuko upande wa sheria, nyinyi wengine mko upande wa huruma.

Wakili Uchwara:
Ngosha soma vizuri. Sheria haisemi futa haraka, inasema usikae nazo bila sababu. Kulinda haki ya mwenye taarifa ni sababu, na ya maana.

Dogo wa Seva:
Mbona rahisi tu, skani zote weka kwenye mfumo, e-Ofisi ipo, karatasi choma. Tumemaliza.

Ngosha Mtata:
Dogo, zile faili za viroba utazitoa pini na kuzinyoosha moja moja wewe? Na ukiskani ukaziita "skani0001" mpaka "skani90000" umehamisha stoo tu, saa hizi iko kwenye seva na inakula umeme.

Dogo wa Seva:
Kuna watu wa kuandika faharasa.

Karani wa Zamani:
Hao watu ndo sisi dogo, na tulikuwa wawili.

Mchambawima:
Mie nlikuwa nasoma tu lakini hapa inabidi niseme. Nyote mnaongelea haki na kesi, hamna aliyetaja historia. Hapo Dar, Nyaraka za Taifa, mna mafaili ya Mjerumani ya kabla ya 1919, na UNESCO waliyaingiza kwenye Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Mkidhani mle mna hotuba za magavana tu? Mna makaratasi ya kiofisi ya kila siku, mashamba, kodi, ujenzi, barua za mkuu wa boma kulalamikia hili na lile. Bwana yule wa boma nae alikuwa akiona anaandika takataka. Leo mtu akitaka kujua mpagazi alilipwa nini ndo huko anakokwenda. Na sisi Zanzibar, kwenye nyaraka zetu pale Kilimani, ni hivohivo, anaekuja kutafiti hataki tu barua ya Sultani kwa Balozi, anataka daftari la nani kalipa ushuru gani.

Sisemi zitunzwe zote, zitatumaliza. Chukueni sampuli. Kila baada ya miaka kadhaa chagueni ofisi moja ya wilaya, vyake vyote vitunzwe, hata hizo vocha za petroli. Mtafiti wa miaka mia mbele atajua wilaya nzima ilikuwa ikiishi vipi.

Karani wa Zamani:
Sampuli nakubali mia kwa mia. Hiyo haijazi hata chumba.

Msee wa Ruiru:
Sasawa majirani. Huku Kenya kuna kitu naona hamjataja. Tuko na Records Disposal Act, Cap 14, ni ya rekodi za korti na zingine chache. Korti ikitaka kuharibu faili nzee haiwashi tu moto. Inatoa notisi kwa Gazeti la Serikali, inasema miezi 3 baada ya hii notisi tunaenda kuomba Jaji Mkuu ruhusa ya kuharibu faili hizi, za mwaka huu hadi mwaka huu, za jinai, za madai, za trafiki, na orodha kamili iko kwa registri kuja uangalie. Na ukiwa na eksibiti yako humo, kitu ulitoa kama ushahidi, kuja uchukue kabla siku ziishe, ukilala ni shauri yako.

Si kamilifu, ni wangapi husoma hilo gazeti kama si mawakili. Lakini angalau kuna mlango wa kubishia. Mimi huona swali lenu la miaka 3 ama 7 ni dogo, kubwa ni kama mwenye jina kwa hiyo karatasi anaambiwa.

Karani wa Zamani:
Hii nimeipenda kuliko namba zangu zote. Kwetu kibali kinatoka juu, lakini ni kati ya ofisi na Idara, dada yake mama hapo juu hawezi kujua kwamba mwezi ujao makaratasi ya shule yake ya kwanza yanateketezwa. Basi narekebisha pendekezo hivi: miaka yangu ibaki kwa zisizo na jina la mtu wala kiwanja, petroli ikae kwenye ile 7 ya malipo, na feni na semina hata mwaka mmoja zinatosha. Ila karatasi yoyote yenye jina la mtumishi na tarehe, au namba ya kiwanja, hata kama ni stakabadhi, hata kama ni likizo, haichomwi mpaka orodha itangazwe na watu wapewe muda wa kuja kuchukua.

Wakili Uchwara:
Miezi 3 haitoshi, mwenye kiwanja yuko Oman. Weka mwaka.

Mbeba Boksi:
Au Uingereza.

Bi Mkubwa wa Moro:
Na hilo tangazo msilibandike kwenye ubao wa halmashauri pale nyuma ya kioo kilichofungwa kufuli. Lipelekwe kwa watendaji wa vijiji, lisomwe mkutano wa kijiji, lisomwe msikitini na kanisani, wastaafu huko ndiko walipo. Halafu mimi nauliza, mzee wangu alikuwa reli enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, imevunjika 1977, wamezungushana na mafao miongo na miongo mpaka wengine wamezikwa wanadai. Makaratasi ya wale yamekaa wapi, na nani atayatangaza? Ofisi yenyewe haipo.

Ngosha Mtata:
Hilo zito. Na yale yaliyoliwa na mchwa yanaingia orodha gani?

Karani wa Zamani:
Hayana orodha Ngosha. Ukitaka kutangaza lazima kwanza mtu aingie stoo, ahesabu, aandike kilichopo na kilichooza, na hiyo kazi ndo haina fungu la bajeti. Mama, la reli sina jibu, mwenye kujua yalipo makaratasi ya Jumuiya ya zamani aseme hapa tumsaidie.