Kikundi cha watoto cha ngoma na sayansi: wanaimba vizuri, sayansi yenyewe hawaielewi. Nifanyeje?

MwalimuWaPwani (Mikindani)

Habari za jioni ndugu zangu. Nafundisha shule ya msingi huku Mikindani, na jioni nina kikundi cha watoto, wengi wa darasa la nne mpaka la sita. Tunapiga ngoma, tunaimba, tunacheza. Nia yangu tangu mwanzo ni watoto waijue sayansi kwa kuicheza, kwa sababu darasani mada ya sauti au ya joto inapita juu juu: ubao, nakili, mtihani, basi. Na hawa ni watoto wa ngoma. Kuna mtoto huku hajaweza hata kusoma vizuri, lakini ukikosea pigo anageuka kukutazama.

Shida yangu ni hii. Tuna wimbo wa mada ya sauti. Unasema sauti ni mawimbi, hupita hewani, hupita majini, hupita kwenye vitu vigumu. Wanauimba vizuri mno, wazazi wanapiga vigelegele na kuwatunza hela. Siku moja nikamwita binti anayeongoza wimbo, mwenye akili kwelikweli, nikamuuliza: hilo wimbi likipita hewani linafanya nini? Akanijibu kwa ubeti uleule. Ukiondoa maneno ya sauti ukaweka maneno ya harusi, mchezo wetu haubadiliki hata kidogo.

Mimi nataka mchezo ambao ukiitoa sayansi, mchezo wenyewe haupo. Nina ngoma nne, marimba ya mbao, uwanja wa mpira, na ufukwe. Pesa hakuna. Tunataka kuonyesha kabla ya msimu wa korosho, maana mabibo yakianza kudondoka watoto wanakwenda shambani na wazazi wao. Halafu wazazi wawili watatu wananiuliza kama sindimba inafaa kwa watoto wadogo. Naomba mawazo, hasa ya wapiga ngoma.

Tandahimba_Damu

Hongera mwalimu. Mimi ningefanya igizo la ganda la korosho. Kila mtoto huku anajua mafuta ya ganda yanababua ngozi na moshi wa kukaanga korosho unachoma macho, lakini ni wachache wanaojua kwamba mafuta hayo yamekaa ndani ya ganda na kwamba moto ndio unaoyatoa na kuyaunguza, ndipo kiini kinabaki salama kuliwa. Watoto wengine wawe ganda, wengine kiini, wengine moto.

Chinganga_Newala

Mwalimu, njomba, nimelisoma swali lako mara mbili. Baba yangu aliwamba ngoma hapa Newala maisha yake yote, nami napiga mpaka leo. Nitasema ya ngoma tu. Igizo la ganda la korosho ni zuri, lakini mtazamaji ataamini kwa kuambiwa. Wewe unatafuta kitu ambacho ataona na kusikia mwenyewe, tena kinaweza hata kugoma mbele ya watu.

Uache ule wimbo kwanza. Anza na moto. Mikindani mko baharini, hewa ina unyevu. Ngoma ikilala nje, asubuhi ngozi imelegea na sauti imeshuka. Sote tunawasha makuti tunaiota moto, na watoto wako wameliona hilo tangu wanabebwa mgongoni. Muulize mtoto kwa nini, atakwambia ili ilie. Sasa hapo ndipo pa kukaa naye. Ngozi inanyonya unyevu, inalegea, inatetema taratibu, sauti inakuwa nzito. Moto unatoa maji, ngozi inajikaza, inatetema haraka, sauti inapanda. Chukua ngoma mbili zinazolingana. Moja iote moto, nyingine ipanguse kwa kitambaa kibichi. Wachezaji wafungwe vitambaa machoni. Sauti ya juu, wanacheza kwa vidole vya miguu mikono ikiwa hewani. Sauti ya chini, wanainama na kukanyaga ardhi. Mpigaji abadilishe ngoma bila kuwaambia. Halafu uwageukie wazazi: hii ya kitambaa kibichi nikiileta motoni, watainuka au watainama? Wazazi wabashiri kwa sauti kabla ngoma haijapigwa. Pale ambapo watu wamebashiri na sasa wanangoja, ndipo sayansi ilipo, na mtoto anaihisi mwilini.

La pili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Sauti ina mwendo wake. Kwenye joto letu inakwenda karibu mita 350 kwa sekunde moja. Macho hayangoji: unachokiona umbali huo unakiona papo hapo. Sasa fanya hivi. Mpigaji mmoja wa ngoma kubwa akae na wazazi. Kundi la kwanza la wachezaji wawe karibu naye kabisa. Kundi la pili wawe mita 105 kutoka kwenye ngoma, kwenye mstari uleule. Wote wakanyage mguu kila wanaposikia pigo. Mpigaji apige mapigo 100 kwa dakika, yaani kila pigo linafuata baada ya sekunde 0.6.

Sauti inachukua kama sekunde 0.3 kulifikia kundi la pili. Hiyo ni nusu ya nafasi iliyopo kati ya pigo na pigo. Kwa hiyo wazazi wataona kundi la karibu wanakanyaga, la mbali wamenyanyua miguu. La mbali wanakanyaga, la karibu wamenyanyua. Watasema hao wa kule hawajui kucheza! Waache waseme. Halafu kundi la pili lirudi nyuma mpaka mita 210. Hapo sauti inachelewa pigo zima, na wazazi watawaona wanakanyaga sawasawa na wa karibu, ingawa wamezidi kwenda mbali. Umbali umeongezeka, kuchelewa kumeongezeka, na mchezo umerudi kulingana. Mtoto aliyecheza hivyo hutamkaririsha tena kwamba sauti husafiri. Na hesabu yake anaweza kuifanya mwenyewe mchangani: mita 210 gawa kwa 0.6.

Mambo matatu ya kuangalia, maana yasipoangaliwa hakuna kitakachoonekana. Kundi la mbali lazima liipe ngoma mgongo. Wakiuona mkono wa mpigaji watafuata macho na kuchelewa kutatoweka. La pili, fanyeni asubuhi maji yakiwa yametoka, kabla upepo haujaamka. Uwanja wa mpira hautoshi kwa mita 210, ufukwe unatosha. La tatu, mpigaji asiongeze kasi, na watoto wakishangiliwa huongeza kila mara. Mfungie jiwe kwenye uzi wa sentimita 36, ulining'inize mbele yake ulibembeze. Kila jiwe linapofika mwisho wa upande wowote, wa huku au wa kule, anapiga. Uzi wa urefu huo unatoa sekunde 0.6 kutoka upande hadi upande. Badilisha jiwe, weka zito zaidi, mwendo ni uleule mradi urefu ubaki vilevile. Hilo peke yake ni somo jingine, wala sikukusudia kulileta.

La mwisho ni mchele. Tandaza punje chache juu ya ngozi ya ngoma moja. Ngoma nyingine kubwa, inayolia karibu sawa na hiyo, ipigwe jirani bila kuigusa. Punje zitarukaruka. Yule binti wako anayeongoza wimbo mwite aweke uso karibu aone, kisha umuulize tena lile swali lako.

BiMkubwa_Shangani

Mwalimu, mwanangu, mimi ni mama, nina wajukuu wa rika hilo. Haya ya njomba wa Newala yamenifurahisha na mimi naomba kusema ya upande wetu.

Sindimba ni ngoma yetu, tumeicheza, na Watanzania wengi wameijua jukwaani kabla hawajakanyaga Mtwara. Kwa watoto, chukua miguu na mabega, kile kiuno cha watu wazima kiache. Watoto wafunge kanga juu ya nguo za kawaida. Waalike mama zao kwenye mazoezi, wakae, waone, waseme wanalotaka kusema hapohapo. Mzazi aliyeona mazoezi hana cha kuuliza.

Lipiko, yule mchezaji anayevaa kinyago, usimguse. Najua kinyago kinapendeza jukwaani, na kuna mtu atakushauri uwaonyeshe watoto kinavyovaliwa ili uwafundishe kuchonga mti. Ambaye hajatoka jandoni hatakiwi kujua ndani ya lipiko kuna nani. Wazee wakisikia mwalimu amemvua lipiko mbele ya watoto wa darasa la nne, kikundi chako kimekwisha siku hiyohiyo, na watakuwa na haki yao. Na ngoma za jandoni na za unyagoni zibaki hukohuko. Zipo ngoma nyingi za kuchezea furaha, tumia hizo.

Jingine la saa. Jioni watoto wengi wa pwani wana chuo, wanasoma Kurani. Ukiwagombanisha na ustadhi wao utawakosa. Jumamosi asubuhi ni bora, na inapatana na hayo ya maji kutoka.

Mlindi_wa_Ngongo

Naongeza la huku Lindi. Tendaguru, kaskazini-magharibi mwa Lindi mjini, ndiko ilikochimbwa mifupa ya Giraffatitan, mjusi mkubwa wa miaka kama milioni 150 iliyopita. Wajerumani walichimba kuanzia 1909 hadi 1913, lakini wachimbaji walikuwa watu wetu, mamia, na msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani. Mifupa ilibebwa vichwani na mabegani na wapagazi, safari ya siku kadhaa kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Mnyama wenyewe amesimamishwa Berlin, ana urefu wa mita 13.27 kwenda juu.

Mchezo wake uko hivi. Watoto wanaingia kwa msafara, wimbo wa kubeba mizigo, kila mmoja ana boksi lililochorwa mfupa mmoja. Wanaweka chini bila mpangilio. Kazi yao ni kumpanga mnyama wakicheza, na ngoma inaendelea mpaka apatikane. Siri iko kwenye miguu: ya mbele ya mnyama huyu ni mirefu kuliko ya nyuma. Wakiibadilisha, mgongo utainamia upande usio wake, na watazamaji wataona wenyewe kwamba kuna kitu hakiko sawa. Hapo mwalimu usiseme neno. Waache wabishane humohumo ndani ya ngoma.

Na jina la Boheti liimbwe. Inaniuma kwamba watoto wa Lindi wanajua mjusi yuko Ujerumani na hawajui nani aliyemtoa ardhini.

MwalimuWaPwani (Mikindani)

Nimesoma yote nikiwa na daftari. Bi Mkubwa, shikamoo, nimekusikia kwa kila neno. Sindimba itakuwa ya miguu na mabega, lipiko hatumgusi, na mazoezi nahamishia Jumamosi asubuhi. Njomba wa Newala, hilo la makundi mawili limenikosesha usingizi. Nimeshalijaribu kwenye karatasi na linakubali. Mlindi, la Tendaguru naliweka muhula ujao, nataka watoto wapate muda wa kuchora mifupa vizuri.

Swali moja dogo. Kamba ya mita 210 sina, na kupima kwa hatua za watoto naogopa itapotoka. Mnapimaje?

Chinganga_Newala

Baiskeli. Funga kitambaa chekundu kwenye spoku moja. Kitambaa kikiwa chini kabisa weka alama mchangani, sukuma mpaka kirudi chini tena, weka alama nyingine, pima hapo katikati kwa rula. Huo ndio mzunguko mmoja wa gurudumu. Baiskeli kubwa za kawaida zinatoa mita mbili na kitu. Watoto wagawe 210 kwa namba waliyoipata, wajue mizunguko mingapi, kisha mmoja asukume na wengine wahesabu kwa kuimba. Msukumaji aende mstari ulionyooka na mchanga uwe mgumu, ule wa karibu na maji. Kwenye mchanga laini gurudumu linateleza na kipimo kinaharibika.

Ukipata siku ya maonyesho iandike hapa mapema. Nitashuka na ngoma zangu mbili.