Jiwe la chumvi kwa ajili ya tandala: tuweke au tuache?

Mleta mada (Chemba): Ndugu wanajukwaa, kijiji chetu kimetenga msitu jirani na Pori la Akiba la Swagaswaga, na kamati ya maliasili ingependa tandala na digidigi waonekane humo zaidi. Nimesoma kwamba Marekani watu huchimba shimo dogo, wakachanganya udongo na chumvi, kalsiamu na fosforasi, kisha wakaliongezea kila mwaka ili kulungu wa kule walizoee. Je, utaratibu huo unatufaa, na mawe ya kulamba ya maduka ya mifugo yanaweza kutumika?

Mstaafu wa wanyamapori: Dume la kulungu wa Marekani huangusha pembe kila mwaka na kuotesha nyingine ndani ya miezi michache, kazi inayodai kalsiamu na fosforasi nyingi, ilhali pembe za tandala hazianguki. Hata huko kwao, kinachomvuta mnyama zaidi ni sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, kwa kuwa majani mabichi ya msimu wa mvua yana potasiamu na maji mengi lakini sodiamu haba. Sisi wa kanda ya kati chumvi tunayo ardhini. Watu wa Bahi wameichuja kwenye udongo tangu enzi za mababu. Kabla ya kununua chochote, zungukeni msitu wenu mvua zikianza: mkikuta ukingo wa korongo umelambwa hadi ukafanya vishimo laini, na kwato zimekanyagana mbele yake, au kichuguu kimekwanguliwa upande mmoja, basi mahali pa kulamba chumvi mnapo tayari. Kupatunza ni kuacha vichaka vya kumsitiri mnyama, kung'oa mitego ya nyaya na kuzuia ng'ombe.

Afisa mifugo: Hilo la ng'ombe lisipuuzwe. Jiwe linalolambwa na mifugo na wanyamapori kwa zamu hubeba mate, na ugonjwa wa miguu na midomo hupita kwa njia hiyo. Huko Marekani, baadhi ya majimbo yamepiga marufuku kuwawekea kulungu chumvi kwa sababu ya ugonjwa wa kuwadhoofisha hadi kufa, ambao chembe zake hudumu udongoni kwa miaka. Kuhusu mawe ya dukani, yenye yurea msiyaguse kabisa: yakinyeshewa, maji yanayotuama juu yake huweza kumuua mnyama anayeyanywa.

Mchangiaji wa Kondoa: Mbona tembo hamumtaji? Naye hufuata chumvi, na njiani kuna mtama na alizeti za watu. Kwa vyovyote vile, msiweke kitu kabla ya kumwandikia afisa wanyamapori wa wilaya na kupata maelekezo ya TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania), maana jiwe la chumvi porini linaweza kuhesabiwa kuwa chambo cha ujangili.

Mleta mada: Nashukuru. Ukingo wa namna hiyo tunao, ila mbuzi hupita hapo kwenda kisimani. Tuuzungushie uzio wa miiba?

Mstaafu wa wanyamapori: Hapana, uzio utamfukuza digidigi kabla ya mbuzi. Kaeni na wafugaji mkubaliane njia nyingine ya kisimani.