Betri za solidi steti: kama hazina kimiminika, mbona nazo zinakufa?

mdadisi: Wakuu, naskia hizi betri za solidi steti zina kitu kigumu ndani badala ya kile kimiminika kinachoshika moto, sasa zinaharibiwa na nini, na ni salama kweli?

fundi_betri: Lithiamu mkuu, ile metali ya ndani ya betri. Ukichaji kwa kasi inaota vijinywele vinapenya kwenye nyufa za kauri (hicho kitu kigumu kilichochukua nafasi ya kimiminika) mpaka vinagusa upande wa pili, hapo ni shoti. Alafu betri ikitumika lithiamu inaondoka inaacha vishimo, mgusano unapotea, ndo maana lazima zibanwe kwa nguvu.

nuru88: Usalama umeongezeka ila si asilimia 100, lithiamu inayeyuka kwenye nyuzi 180 na ikikutana na hewa inaweza kuwaka. Zile ambazo hicho kitu kigumu ni cha salfaidi (kampaundi yenye salfa) zikipata unyevu zinatoa gesi ya sumu, haidrojeni salfaidi, mi hiyo ndo inanitisha zaidi.

mdadisi: Aisee, ya gesi sikuijua kabisa.