Mjadala: Kura ya maoni ya katiba mpya tuliyoahidiwa 2015, tuidai au tuiache ife?

Mtoa mada, Area D, Dodoma mjini

Mbukwenyi wana Dodoma, na heri ya mwaka mpya 2025 kwa mlio mbali na nyumbani.

Mwaka uliopita dunia ilipiga kura sana. India peke yao walipiga kuanzia 19 Aprili hadi 1 Juni, watu zaidi ya milioni 640. Afrika Kusini ANC ilishuka hadi asilimia 40, ikalazimika kuunda serikali na wengine kwa mara ya kwanza tangu 1994. Botswana chama kilichoshika nchi miaka 58 kilibaki na viti vinne tu bungeni. Hayo yamejadiliwa sana vijiweni, sitayarudia.

Mimi nimekuja na kura zile ambazo taarifa zetu za habari zilizipitia juujuu, yaani kura za maoni. Uswisi walipiga 3 Machi, Ireland 8 Machi, Ecuador 21 Aprili, Moldova 20 Oktoba, Gabon 16 Novemba. Raia anapewa karatasi isiyo na picha ya mgombea wala nembo ya chama. Kuna swali tu, na yeye anajibu.

Sisi je? Mwaka 2014 nilikuwa mhudumu wa nyumba ya wageni hapahapa Area D. Kuanzia Februari wajumbe wa Bunge Maalum la Katiba walijaa hadi vyumba vya uani. Asubuhi nawapelekea chai na chapati, jioni wanarudi wanabishana Muungano uwe wa serikali mbili kama sasa, au serikali tatu ikiongezwa ya Tanganyika, mpaka usiku wa manane. Mjumbe mmoja alikuwa anaacha rasimu yake mezani, imejaa mistari ya kalamu nyekundu. Nilikuwa naisoma nikishamaliza kupiga deki. Tarehe 8 Oktoba nilikuwa Uwanja wa Jamhuri wakati Katiba Inayopendekezwa inakabidhiwa kwa marais wote wawili, wa Muungano na wa Zanzibar, na nikaamini kabisa kwamba zamu yetu imefika.

Kura ya maoni tukapangiwa 30 Aprili 2015. Ilipofika 2 Aprili, Tume ya Uchaguzi ikatangaza kuahirisha kwa kuwa uandikishaji wa wapiga kura kwa BVR, zile mashine za alama za vidole, ulikuwa haujakamilika. Sawa. Uandikishaji ukakamilika, Oktoba ya mwaka uleule tukachagua Rais kwa daftari hilohilo. Kura ya maoni haijafanyika mpaka leo ninapoandika. Senegal nao mwaka jana waliahirishiwa uchaguzi wa 25 Februari, lakini Baraza lao la Katiba likatamka kwamba uahirishaji huo ni batili, na 24 Machi wakawa kwenye foleni. Sisi miaka inakwenda kumi.

Kuna siku nilinunua karanga soko la Sabasaba, nikapewa zimefungwa kwenye ukurasa wa kitabu cha Katiba Inayopendekezwa. Niliukunjua nikapangusa chumvi. Ilikuwa ibara ya haki za wakulima, wafugaji na wavuvi. Kwa kweli niliumia.

Hoja yangu ni hii: ipangwe tarehe, tuulizwe. Anayeitaka katiba ile aseme ndiyo, asiyeitaka aseme hapana. Wenzetu Zanzibar waliulizwa 31 Julai 2010 kuhusu serikali ya umoja wa kitaifa, wakakubali kwa asilimia 66. Sisi wa Bara hatujawahi kuulizwa jambo la nchi kwa njia hiyo hata mara moja. Karibuni.

Mwalimu mstaafu, Mpwapwa

Kijana wangu, nakuunga mkono, ila nikukumbushe kwamba ndiyo na hapana si ngeni kwetu. Mimi nilipiga 1975. Mgombea urais alikuwa mmoja, unamkubali au unamkataa. Wabunge walikuwa wawili wawili, mmoja ana alama ya jembe, mwingine nyumba, na bibi yangu asiyejua kusoma alikuwa anasema "mimi ni mtu wa jembe" hata hajui jina la mgombea. Hata huu uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa kwetu, matawi ya TANU yaliulizwa kwanza ndipo ukapitishwa 1973. Kuuliza watu kulikuwepo, ingawa kulikuwa ndani ya chama.

Lakini kilichonigusa ni hao Uswisi. Wananchi wale waliulizwa maswali mawili siku moja. La kwanza, wastaafu walipwe pensheni ya mwezi wa kumi na tatu? Wakajibu ndiyo, asilimia 58. La pili, umri wa kustaafu uanze kusogezwa mbele, mwanzo mpaka miaka 66? Wakakataa, karibu robo tatu yao. Serikali yao haikuitaka hiyo pensheni ya ziada, na bado ilipita.

Sasa nikumbuke kikokotoo chetu, hesabu ya sehemu ya mafao anayolipwa mstaafu kwa mkupuo. Mwaka 2018 kilishushwa, kelele zikapigwa, kikarudishwa. Mwaka 2022 kikawa asilimia 33, mwaka jana kikapanda hadi 40 kwa baadhi yetu. Kila badiliko nimelisikia redioni, niko nimekaa kwenye kigoda natoa mawe kwenye mchele. Nilifundisha miaka 36 na hakuna aliyeniuliza.

Mwanafunzi, UDOM

Shikamoo mwalimu. Kaka mtoa mada, hadithi ya karanga imenigusa, lakini hoja yako naipinga, na naipinga kwa mifano yako mwenyewe.

Anza na Gabon. Jeshi lilichukua nchi Agosti 2023. Mwaka jana wakaandika katiba inayofuta cheo cha waziri mkuu na kumpa rais miaka saba inayoweza kuongezwa mara moja, wakawauliza watu, matokeo rasmi yakawa ndiyo zaidi ya asilimia 91. Je, hapo wananchi waliamua, au waliwekwa mbele ya jambo lililokwisha kuamuliwa?

Halafu Ireland, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu ndiyo kesi inayotuhusu zaidi. Katiba yao haibadilishwi hata kipengele kimoja bila kura ya wananchi. Waliitisha baraza la raia 99, waliochaguliwa kwa kubahatisha, si kwa vyama, likajadili usawa wa kijinsia. Mwaka 2021 likapendekeza kile kifungu cha zamani kinachozungumzia wajibu wa mwanamke nyumbani kiondolewe, na badala yake dola ibebe wajibu wa kusaidia wanaolea wagonjwa, wazee na walemavu. Serikali ikachukua pendekezo, ikalilainisha. Badala ya wajibu, ikaandika kwamba dola "itajitahidi". Vyama vikubwa karibu vyote vikahimiza ndiyo. Wananchi wakakataa: asilimia 67.7 kwenye swali lingine la siku ileile, kuhusu maana ya familia, asilimia 73.9 kwenye swali la malezi. Baadhi ya waliotaka mabadiliko nao walipiga hapana, kwa sababu kilichokuwa kwenye karatasi hakikuwa kile kilichopendekezwa.

Sasa rudi Dodoma. Tume ya Mabadiliko ya Katiba ya Jaji Warioba ilizunguka nchi nzima, ikakusanya maoni, ikaleta rasimu yenye serikali tatu. Bunge Maalum likaikatakata. Kundi la UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, likatoka ukumbini 16 Aprili 2014, waliobaki wakapitisha serikali mbili. Hicho ndicho kitabu unachotaka tukipigie ndiyo au hapana. Nikisema ndiyo nimekubali maoni ya watu yabadilishwe. Nikisema hapana nimebaki na Katiba ya 1977. Kaka, huo ni mtego. Njia zote mbili zinanipeleka nisikotaka.

Mfanyabiashara, Kondoa

Mdogo wangu wa UDOM kasema vizuri, mimi naongeza hesabu. Oktoba mwaka huu tuna uchaguzi mkuu, hatuwezi kubeba mizigo miwili. Na msisahau Moldova, walichanganya kura ya maoni na uchaguzi wa rais siku moja. Swali la kuingiza nia ya kujiunga na Umoja wa Ulaya kwenye katiba likapita kwa tofauti ya kura kama 10,500 nchi nzima. Nchi inabaki nusu kwa nusu, wanatazamana. Kwetu sheria inataka ndiyo ivuke nusu Bara na ivuke nusu Zanzibar. Upande mmoja ukikubali na wa pili ukikataa, nani atatuliza hayo maneno? Mambo mengine ukiyaacha yalale ni busara.

Msomaji, Muscat (kwetu Bahi)

Kaka wa Kondoa, hizo 10,500 za Moldova zilitoka kwa watu kama mimi. Waliopigia ndani ya nchi, hapana ilikuwa mbele. Waliopigia ughaibuni ndio waliopindua. Mimi natuma hela nyumbani kila mwezi, nimejenga Bahi, nalipia ada za wadogo zangu watatu, na siku ya kura naangalia simu tu. Ikija hiyo kura ya maoni, naomba na mimi nihesabiwe.

Mkulima wa zabibu, Hombolo

Nawasalimu nyote. Mimi si msemaji wa mambo ya nchi za nje, na sasa tuko kwenye palizi, naandika nikiwa nimepumzika chini ya mti.

Mnasema hatujaulizwa ndiyo au hapana. Mimi nimeulizwa juzi, 27 Novemba, uchaguzi wa serikali za mitaa. Yule tuliyemtaka kwenye kitongoji chetu, mama mwenzangu aliyepigania kisima mpaka kikapatikana, jina lake lilikatwa kwenye fomu. Sababu ilikuwa namna alivyoandika kazi yake. Aliandika "mkulima wa zabibu", akaambiwa haikujazwa sawasawa. Akakata rufaa, hakujibiwa chochote chenye maana. Siku ya kura nikakuta jina moja. Ndiyo au hapana. Nilisimama pale na kalamu muda mrefu hadi msimamizi akaniuliza kama nahitaji msaada.

Kwa hiyo huyo mwanafunzi namwelewa kabisa. Karatasi ya ndiyo na hapana inaweza kuwa imeshafungwa kabla hujaifikia.

Lakini nasema hivi pia. Kwenye kile kitabu kulikuwa na hamsini kwa hamsini, wanawake na wanaume sawa bungeni. Hilo nililisikia kwa masikio yangu mkutanoni, na niliwaambia wanangu wa kike. Msije mkatupa kapu zima kwa sababu ya zabibu zilizooza juu.

Mfanyabiashara, Kondoa

Pole mama. Hilo la fomu limetokea na huku kwetu.

Mtoa mada, Area D

Nimesoma yote, nikarudia ya mama wa Hombolo mara mbili.

Ndugu yangu wa Kondoa, siafikiani nawe. Hili jambo halijalala, tumelifunika tu. Kila uchaguzi linafufuka upya, na kila mara tunaanza kubishana toka mwanzo kama vile 2014 haikuwepo. Moldova wamegawanyika, ndiyo, lakini wanajijua wako wangapi upande huu na wangapi upande ule. Sisi hatujui. Na hofu yako ya Bara na Zanzibar, ikiwa kweli pande mbili haziafikiani, ni bora tujue kwa kura kuliko kwa minong'ono.

Mama yuko sahihi kuhusu kapu. Ndani ya Katiba Inayopendekezwa kuna mgombea binafsi, na kuna kupinga matokeo ya urais mahakamani. Leo ibara ya 41(7) ya Katiba ya 1977 inasema Tume ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama itakayochunguza. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyoko Arusha ilikwisha sema 2020 kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika. Kenya walifuta matokeo ya urais 2017, Malawi 2020, Romania mwezi uliopita tu, na nchi zao zipo.

Lakini mdogo wangu wa UDOM, umenishinda kwenye la Ireland. Nilikuwa nalilia kuulizwa, sikujiuliza nani anaandika swali. Zile alama za kalamu nyekundu nilizokuwa naziona mezani, kumbe ndizo zilizokuwa zinaandika swali langu. Nimebadilisha hoja. Kura ya maoni bado naidai, lakini si kwa kitabu kile jinsi kilivyo. Rasimu ya Warioba irudishwe mezani, pale Bunge Maalum lilipotofautiana na rasimu paandikwe bayana, na mambo makubwa yaulizwe moja moja: muundo wa Muungano peke yake, kupinga matokeo ya urais peke yake, hamsini kwa hamsini peke yake. Ecuador waliulizwa maswali 11 siku moja, wakakubali tisa wakakataa mawili. Mtu mzima anaweza kuchagua ndani ya kapu.

Mwanafunzi, UDOM

Hapo nakuunga mkono kaka. Swali moja tu: maswali hayo moja moja atayaandika nani? Maana tusiporekebisha hapo, tumerudi Gabon.

Mkulima wa zabibu, Hombolo

Si hao Ireland wamechagua watu 99 kwa kubahatisha? Nasi tuchague hivyo, kila mkoa. Na asiulizwe mtu ameandikaje kazi yake kwenye fomu.

Mwalimu mstaafu, Mpwapwa

Hilo la mama ndilo tulijadili kuanzia sasa. Ila kabla hatujaendelea, nani ana nakala ya rasimu ya pili ya Warioba, ile ya Desemba 2013? Yangu ilibebwa na mafuriko pamoja na vyeti vyangu. Siwezi kubishana kwa kumbukumbu.

Mtoa mada, Area D

Shikamoo mwalimu. Ninayo. Ni ile ya mjumbe, aliiacha chumbani alipoondoka na hakuirudia. Kurasa za mwisho zimelowa lakini zinasomeka. Jumamosi nitakuwa stendi asubuhi, nitampa konda wa basi la Mpwapwa akuletee. Ukimaliza, naomba umpelekee mama Hombolo.