Kamera kwenye helmeti ya kurukia: ishike mpaka mwisho au iachie?

Shomari_wa_Juu
Wakuu salama? Naomba tujadili hili bila matusi. Nina jampu 112 za parachuti, nyingi nimefanyia nje, chache hapa kwetu pwani, na GoPro yangu nimeibandika utosini mwa helmeti kwa ile gundi inayokuja nayo na stendi yake ya kawaida. Wiki mbili zilizopita nilifungua parachuti bega la kushoto limelala, ikatoka imejisokota, kamba zikanipita karibu na sikio vuuu. Nikajisokotoa, nikatua salama. Kuja kuangalia helmeti nakuta kwenye mguu wa stendi kuna mstari mweupe mwembamba kama umepitishwa uzi wa moto. Kamba ilipita pale. Sasa wenzangu wamegawanyika, wengine wanasema nitafute stendi inayovunjika ikivutwa, kamera iende zake, wengine wanasema nikaze na nifunge na kikamba cha usalama kwa sababu ikidondoka itamuua mtu chini. Mnasemaje? Na hii habari ya jampu 200 kabla ya kuweka kamera ni sheria ama ni mikwara ya wakubwa?

Kivuko_Florida
USPA, chama cha waruka parachuti wa Marekani, wamesema jampu 200. Una 112. Hili swali ulete mwakani.

Shomari_wa_Juu
Kaka nimeuliza stendi, sijauliza umri.

Kivuko_Florida
Umeuliza yote mawili, rudi usome ulichoandika. Watu wanataka likes kabla hawajajua kutua.

Shangazi_Mkunja
Nakunja parachuti huku Dubai mwaka wa saba huu, helmeti za kila aina zimepita mikononi mwangu. Kivuko usimtishe mtoto kwa nusu habari. 200 si sheria, USPA ni chama tu na wanapendekeza uwe na leseni C, na leseni C ndiyo inataka hizo jampu 200. Ila kila uwanja unaweza kuifanya amri yake na wengi wamefanya.

Shomari mwanangu, kuvunjika au kutovunjika ni swali la pili. La kwanza ni kamba ilipata wapi pa kuingia. Chukua kamba ya kiatu, helmeti uivae kichwani na kamera iwe imefungwa. Mwambie mtu asimame nyuma yako aishike kamba ncha mbili, aipitishe juu ya helmeti kutoka nyuma kuja mbele, kisha kushoto kwenda kulia, kisha kimshazari, aivute kama anakupangusa vumbi. Popote itakaponasa hiyo ya kiatu, ya parachuti itanasa, na ile ya parachuti ni nyembamba kuliko hiyo lakini inabeba zaidi ya kilo 200 bila kukatika. Wewe ndo utakatika. Kwenye stendi za kawaida inanasa sehemu zile zile tu: uwazi wa chini ya stendi, kile kisukurubu chenye masikio, na pembe ya kamera yenyewe.

Boda_Kapteni
Mimi sirukagi lakini nna kamera kwenye helmeti ya boda mwaka wa pili, nimetoboa na drili nikapiga bolti mbili, haijawahi kutoka hata nilipoanguka Likoni. Gundi za nini? Toboeni

Dakta_Shingo
Tafadhali msimsikilize huyu ndugu yetu. Bolti iliyopita kwenye ganda la helmeti ncha yake inaangalia fuvu. Siku ukigonga, yeye ndiye anayefika wa kwanza.

Boda_Kapteni
Daktari nimekwambia nilianguka na niko hapa naandika

Dakta_Shingo
Ulianguka kwa upande ambao hauna bolti.

Boda_Kapteni
ulikuwepo?

Ruka_Polepole
hahaha. Turudi kwa Shomari. Mimi nasema iachie. Kamera ni gramu mia na hamsini hivi, bei yake tunaijua, shingo ni moja. Kile kikamba cha usalama ndo ujinga mkubwa kuliko wote, maana umenunua stendi inayovunjika halafu umeirudisha kwa kamba, kwahiyo ikivunjika kamera haiendi popote, inabaki inaning'inia kwenye kamba za parachuti na wewe uko upande wa pili wa kikamba.

Kivuko_Florida
Na ikimwangukia mtoto wa watu aliyekaa ufukweni? Diani watu wanatua mchangani, chini kuna watalii, kuna vijana wa ngamia, kuna mama wa maandazi. Gramu 150 kutoka juu ni jiwe.

Ruka_Polepole
Ndo maana nikasema ivunjike ikivutwa na kamba ya parachuti, sio idondoke kwa upepo. Ni nguvu mbili tofauti kabisa.

Shangazi_Mkunja
Hapo Ruka yuko sawa, ila ajue stendi za plastiki hazivunjiki kwa kipimo unachodhani. Moja inakatika kwa kugusa mlango wa ndege, nyingine pacha wake inamnyanyua mtu mzima. Ndiyo maana wapiga picha wa kazi wengi hawategemei stendi, wanaweka kitu kwenye kamba ya kidevu, unavuta mara moja helmeti nzima inatoka kichwani na kamera yake. Sharti ukiweze gizani kwa mkono wowote, na glavu umevaa.

Askari_wa_Zamani
Nasoma nacheka. Sisi enzi zetu tuliruka na mwamvuli, kamba imefungwa ndani ya ndege inakufungulia yenyewe, mzigo miguuni, usiku, na hakuna aliyewaza kujipiga picha. Leo mtu analipa hela yake aruke halafu tatizo lake kubwa ni kamera iachie au isiachie. Iacheni nyumbani.

Mtoto_wa_Kisauni
Mwamvuli ni wa mvua mzee 😂😂 hii kitu inaitwa parachuti

Askari_wa_Zamani
Kijana, unawajua askari wa miamvuli? Au ulidhani wanauza miamvuli Kariakoo?

Mtoto_wa_Kisauni
Hilo ni jina la jeshi tu. Nenda dukani useme unataka mwamvuli wa kuruka uone kama hawatakuletea wa maua maua

Askari_wa_Zamani
Na wewe nenda dukani useme parachuti, wakuletee mafuta ya nazi ya kichwa.

Boda_Kapteni
😂😂😂 mzee kashinda hii, kile kikopo cha bluu. Bibi yangu anacho

Mwalimu_Kombo
Kwa faida ya wote: mwavuli na mwamvuli yote yamo kwenye kamusi, na askari wa miavuli ni neno la siku nyingi. Parachuti ni la kuazima, asili yake Kifaransa limepitia kwa Waingereza. Kwa hiyo ukitaka Kiswahili chetu, mzee hajakosea.

Mtoto_wa_Kisauni
Mwalimu basi na kamera tuiite nini, maana nayo si ya babu zako. Na helmeti. Na GoPro. Watu wa bara mkianza na Kiswahili sanifu hamuishi

Mwalimu_Kombo
Mimi ni wa Pemba.

Mtoto_wa_Kisauni
ndo mbaya zaidi

Kivuko_Florida
Jamani. Nimekaa na hili neno la mzee la kuiacha nyumbani na ingawa amelisema kwa kejeli kuna kitu ndani yake, sitaki tulipite. Kamera haikuui kwa kunasa tu. 1988 kule North Carolina kuna mpiga video mwenye jampu zaidi ya 800 alitoka ndegeni anamrekodi mwanafunzi na mwalimu wake, na parachuti hana mgongoni. 800 sio 112. Akili yote ilikuwa kwenye kamera.

Ruka_Polepole
Sasa hiyo inahusiana nini na stendi?

Kivuko_Florida
Inahusiana na 200. Nilisema 200 mkanicheka.

Ruka_Polepole
Aliyekufa alikuwa na 800 kaka, umejijibu mwenyewe

Kivuko_Florida
Hujaelewa na hutaki kuelewa. Ukiwa tumbo chini kabla hujafungua parachuti unakwenda karibu kilomita 200 kwa saa, futi 1,000 zinaisha kwa sekunde tano na kitu. Unafungua futi 3,000, maana yake usipofungua zimebaki kama sekunde 16. Mara moja unakunja uso kusikiliza kama kamera imelia, mara unageuka rafiki yako aingie kwenye picha, umeshakula futi 2,000 hujui. Mwenye jampu nyingi mkono unajua wenyewe muda umefika. Wewe mkono wako bado unaulizia.

Shomari_wa_Juu
Kivuko hilo la likes limeniuma nikalala nalo, nilikuwa nimeamua nisijibu. Mimi ile video naitumia kujiangalia mwenyewe, sina mwalimu wa kudumu hapa, narudi nyumbani naangalia miguu yangu inafanya nini angani. Hilo bega la kushoto nimeligundua kwenye video. Kwa hiyo kamera iliyotaka kuninyonga ndiyo iliyonionyesha kwa nini ilitaka kuninyonga, sijui nalo mtaliita likes.

Kivuko_Florida
Mwambie mwenzako akurekodi kutoka nje. Yeye ana jampu 500, wewe unajifunza, kila mtu ana kazi yake.

Shomari_wa_Juu
Mwenzangu yupi? Umeona wapi pwani hii nina mwenzangu wa 500 asiye kazini na watalii wa tandemu, wale wanaoruka wamefungwa kwa mwalimu?

Dakta_Shingo
Naongeza la kitaaluma halafu nawaachia. Mnaongelea kunasa tu, lakini hata isiponasa, parachuti ikifunguka kwa kishindo kichwa kinavutwa chini na kila gramu uliyoweka juu yake. Utosini uzito uko mbali na shingo, upepo unaishika zaidi. Pembeni inavuta upande mmoja. Mbele ya kidevu iko chini na kamba haziifikii kwa urahisi, ila inakuzibia ukiangalia vishikio vyako vya parachuti kifuani. Na kosa ninaloliona: mtu anageuza kichwa kuangalia parachuti inavyofunguka ili aipate kwenye video. Hapo ndipo shingo zinaponiletea wateja.

Boda_Kapteni
daktari unapenda sana wateja wewe

Mtoto_wa_Kisauni
Mzee bado namsubiri, mwamvuli wa akiba mlikuwa mnauitaje? mwamvuli mdogo? 😂

Askari_wa_Zamani
Tuliuita wa akiba. Ulikuwa unakaa kifuani, na hatukuutania.

Mtoto_wa_Kisauni
sawa mzee shikamoo

Askari_wa_Zamani
Marahaba.

Shomari_wa_Juu
Nimefanya jaribio la Shangazi jana jioni, mke wangu ndiye aliyevuta. Imenasa sehemu tatu. Chini ya stendi, kwenye kisukurubu, na ya tatu sikuitegemea kabisa, kwenye kifungo cha kioo cha helmeti upande wa kulia ambako kamera haipo. Ile ya chini ya stendi ilinasa mpaka shingo ikaenda nyuma, mke wangu akaiachia kamba akaniuliza hii ndiyo unaruka nayo? Sikuwa na jibu zuri.

Shangazi_Mkunja
Mke wako ana akili. Jaza ule uwazi kwa silikoni au epoksi, lainisha kingo ziwe mteremko, kisukurubu kibadilishe weka bolti fupi isiyo na masikio, juu yake tepu. Kifungo cha kioo nacho tepu. Halafu vuta tena. Mpaka kamba iteleze kama juu ya yai. Na ukishamaliza hayo yote bado nakwambia uiache chini mpaka bega lako linyooke.

Ruka_Polepole
Kwahiyo iachie au isiachie? Hamjamjibu mtu

Kivuko_Florida
Amejibiwa. Aiache nyumbani.

Ruka_Polepole
Hilo ni jibu la mzee, la kwako lilikuwa 200

Askari_wa_Zamani
Shangazi, samahani, kuna mjukuu wangu yuko masomoni Uingereza ameniandikia ataruka Jumamosi na kamera yake. Hiyo kamba ya kiatu, ile bapa au ya duara?

Mtoto_wa_Kisauni
Mzee umeona, ukija kwenye mjukuu hata mwamvuli huusemi

Mwalimu_Kombo
Kijana mheshimu mzee, mmeshaamkiana.

Shangazi_Mkunja
Ya duara baba, bapa inateleza inakudanganya. Na wakati wa kuvuta awe ameivaa helmeti, asiiweke mezani. Kama ni jampu ya kwanza kamera hawatamruhusu, mwambie asibishane nao.